Msomi Aliyekuja Kuiba Majani Kwenye Friji Yangu

Nimeibiwaga kuku. Nimeibiwaga ndoo. Lakini mwaka jana mwanaume mwenye PhD alikuja kwangu Kamunyonge, na gari lenye kiyoyozi, kuiba majani ya mhogo.

Majani!

Naandika na hasira mpaka kidole kinateleza kwenye simu.

Mjukuu wangu Nyamburi ni daktari. Siyo wa sindano, wa vitabu. Anachunguza virusi vinavyoozesha mihogo. Anasema ndani ya jani kuna kitu kinaitwa RNA, kama vikaratasi vya maagizo, na kirusi huwaga kinachomeka vya kwake humo humo.

Shamba la dada yangu Bunda lilioza lote. Langu la Butiama likabaki linacheka. Nyamburi akataka kujua kwa nini.

Ikatangazwa nafasi Ulaya, wanaita postdoc. Ukishamaliza PhD unaenda kufanya utafiti miaka miwili, unalipwa. Wanamtaka mtu mmoja tu. Masharti: barua ya bosi au mwalimu wako, na ukichaguliwa kwenye usaili, utume majani wayapime wenyewe.

Majani aliyochuma Butiama alikuwa ameyahifadhi kwangu. Vichupa sita, vina dawa ya kuyatunza, kwenye friji nyuma ya samaki sato.

Bosi wake, Dokta Stanislausi, akaikalia barua wiki tatu. Siku ya mwisho akamwambia, "Una mtoto ananyonya, Nyamburi. Baridi ya kule utaiweza? Ngoja mwakani."

Mtoto wa watu alinipigia simu analia kwa kwikwi.

Kumbe bosi mwenyewe ameomba nafasi hiyo hiyo! Nyamburi alikuja kusikia ofisini, na kwamba amechaguliwa kwenye usaili. Alichopungukiwa ni majani.

Jumamosi huyo mlangoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba baba. Umepotea njia?"

"Nyamburi amenituma vile vichupa vya Butiama."

Muongo bila aibu! Nilikuwa natwanga kisamvu na karanga. Nilitamani mchi umfuate kichwani. Nikamchekea kwa meno yangu yote mawili.

"Kaa sebuleni, nakuletea."

Nyamburi alikuwa ameacha vichupa vingine, vina dawa tu, vimeshabandikwa lebo ya Butiama. Nikachota kwenye kinu, nikajaza sita.

Akavitazama kwenye mwanga. "Mbona yamesagwa?"

"Si mnatwangaga kwenye vinu vyenu vidogo? Mwenzio alishaanza."

"Aah. Kazi safi hii, bibi."

Akavipanga kwenye boksi la barafu kama anamlaza kichanga. Hata asante ya sabuni hakuacha.

Miezi miwili baadaye, simu.

"Bibi, ulinipa nini? Mashine ya Ulaya imesoma karanga!"

"Kisamvu. Kilibakiza chumvi tu."

"Nitakushitaki!"

"Nishitaki, baba. Waambie na wazungu ulikitoa wapi."

Akakata simu.

Maana kwenye fomu alishaandika kwamba ameyachuma mwenyewe, shambani, kwa mkono wake. Akisema bibi kamdanganya, kajitaja mwizi. Wakamkata jina hapo hapo.

Nyamburi nilipomsimulia alinigombeza kwanza. "Bibi! Sampuli haichezewi!" Halafu akanywea. "Za kweli ziko wapi?"

"Nyuma ya sato. Hata kofia hazijavuliwa."

Alicheka mpaka akakaa chini sakafuni.

Nafasi ikatangazwa upya. Safari hii barua kaandikiwa na mwalimu wake wa zamani, kwa siku moja.

Siku moja!

Ameondoka Januari, na mtoto yule yule mgongoni. Jana kanitumia picha, wamevaa makoti kama magunia ya pamba. Baridi wameiweza.

Lakini msinipongeze, sijapoa. Karibu mwaka mzima wa mwanamke ulilala kwenye droo ya mtu.

Wewe bosi unayesoma hapa na umekalia barua ya mwenzio: kama hutaki kuandika, mwambie leo hutaki, atafute mwingine. Usimshike mtu mguu huku unamwambia akimbie.

Na ukipita Kamunyonge, karibu ndani.

Kisamvu kipo.