Siku Mama Alipopanda Juu ya Nyumba

Nilifanya ujinga, na heri niuseme mwenyewe kabla shangazi hajawaeleza kwa mtindo wake: nilitumia filozofi ya wanawake ili nisipande juu ya nyumba.

Tena si wanawake wa hapa Kimanga. Ni wanawake wa Ulaya, wenye vitabu, ambao profesa wetu alituletea darasani saa ya mwisho, saa ile jua linapiga mabati ya shule mpaka mawazo yanayeyuka. Nilikuwa nusu nimelala. Dirishani ziwa lilikuwa jeupe, halina mwisho, na milima ya Burundi ng'ambo imepauka kama kitu ambacho mtu alianza kukichora akasahau. Sauti ya profesa ilinifikia kwa mbali, kama redio ya jirani. Alisema kuna wanawake waliokaa wakajiuliza: haya tunayoyaita ya kike na ya kiume, nani aliyaamua? Mwili unakuja wenyewe, akasema, lakini mengine mtu anafundishwa: namna ya kukaa, ya kucheka, ya kunyamaza, nani anakula kwanza, nani anainuka mgeni akiingia. Anafundishwa polepole, kila siku, mpaka anadhani alizaliwa nayo. Akaongeza kwamba utawala haukai siku zote kwenye ngumi. Unakaa kwenye mazoea, na mazoea hayapigi kelele.

Mwenzangu wa benchi akaninong'oneza: "Kumbe minye nilifundishwa kula nyama kubwa. Nasikitika sana."

Tulicheka mpaka tukatolewa nje. Kwa hiyo mwisho wa somo sikuusikia, na pengine huko ndiko dawa yangu ilikokuwa.

Nilirudi nyumbani nikiwa bado ndani ya usingizi ule, nikiwatazama watu njiani kama samaki ndani ya maji. Mwanamke na beseni kichwani: nani aliamua? Wanaume wanne wakicheza dama kwenye kivuli: nani aliamua? Nilijiona nimekuwa mtu mkubwa sana. Sikugundua kwamba upepo wa milimani ulikuwa umenitangulia kufika kwetu.

Nilimkuta mama uani, kichwa juu, mikono kiunoni. Bati la chumba cha nyuma lilikuwa limeng'oka upande mmoja, likipiga pap, pap, kama bawa la ndege asiyejua kuruka. Na chini yake, mle ndani, kulikuwa na mifuko ya ndagala, dagaa wa ziwa letu.

Mama ananunua ndagala pwani asubuhi, anazianika mchangani, anawauzia wanawake wanaozipandisha milimani. Wiki ile alikuwa amekusanya nyingi kuliko siku zote, maana wanunuzi walichelewa. Ndagala iliyokauka ikilowa ni mbolea tu. Mifuko ile ilikuwa chakula chetu, minerval yangu, yaani ada ya shule, na mtaji wake wote. Kuihamishia chumba cha mbele kusingesaidia. Mabati ya huko yalikwisha legea zamani, tumezoea kulala na sufuria zinazokinga matone. Na nyuma ya mji, mlima ulikuwa umeshavaa nyeusi.

"Umekuya muzuri," mama akasema. "Ngazi ile pale, nyundo hii hapa. Panda, mvua iko inakuya."

Baba alikuwa Lubarika kwenye mpunga. Mwanaume wa nyumba alikuwa mimi, na shati langu jeupe la shule. Kuna jambo nitashukuru likibaki hapa hapa: mimi naogopa juu. Nikifika urefu wa kifua cha mtu, dunia inaanza kuogelea. Lakini kijana wa Kimanga hasemi naogopa, hasa jirani akiwa anasikiliza. Na jirani yetu, mwendesha pikipiki, alikuwa amekaa juu ya pikipiki yake kando ya uzio wetu, masikio wazi kabisa.

Basi nikakohoa kidogo, kama profesa.

"Mama, leo tumesoma filozofi. Mambo ya mwanaume na mwanamke, ni watu walitunga. Kunituma minye sababu niko mwanaume, hiyo ni kuendelesha utawala wa wanaume. Minye siwezi kushiriki."

Jirani alicheka mpaka pikipiki ikataka kumwangusha. Mama hakucheka. Alimgeukia yeye.

"Ndugu yangu, unisaidie weye basi."

"Ah, mama! Minye nipande ku nyumba ya mwenzangu na kijana wake iko hapa? Watu batasema nini? Ni kumutukana baba yake."

Na hakudanganya. Kwetu, mwanaume hapandi juu ya nyumba ya mwanaume mwenzake ikiwa mtoto wa kiume yupo. Mwanamke, yeye, hapandi kabisa. Ni muziro, katazo la wazee: mwanamke akikanyaga paa ni kama amemkanyaga mumewe kichwani, na wengine wanasema anamchimbia kaburi. Kwa hiyo bati likawa juu, nyundo ikawa chini, na katikati tukawa watu watatu wenye mikono mizima, kila mmoja na sababu yake nzuri. Hakuna aliyemkataza mama kwa fimbo. Tulikuwa tumesimama tu. Mazoea yalikuwa yanafanya kazi, kimya, na mimi niliyeyasoma mchana ule ule nilikuwa ndiye fundi wao.

Tone la kwanza likaanguka kwenye mkono wa mama. Alilitazama.

Kisha akakaza kitenge, akavua sandali, akatia misumari mdomoni, akaegemeza ngazi ukutani mwenyewe. Nikaishika. Sikuambiwa, mikono ilikwenda yenyewe. Visigino vyake vikapita mbele ya pua yangu, vina vumbi la pwani na magamba madogo ya samaki yanayong'aa.

Shangazi, dada wa baba, anakaa uani pa pili. Alitoka na mwiko wa bugali mkononi.

"Ee! Weye mwanamke! Shuka! Unataka kuua ndugu yangu?"

Mama ana misumari mdomoni, atajibu nini?

"Na ile yenye kumushikia ngazi ni nani? Ni weye? Minye nilifikiri uko na akili!"

"Shangazi, nikiiachia ataanguka."

"Basi shika! Lakini shika na hasira!"

Nikashika na hasira.

Toka hapo mambo yananijia kama ndoto, na hata leo nikisinzia mchana yanarudi. Mama amepiga goti juu ya bati, upepo umejaa ndani ya kitenge chake. Nyundo inashuka, na sauti inafika baada yake, imechelewa. Ziwa nyuma yake limegeuka rangi ya risasi. Watu wa njiani wamesimama, vichwa nyuma, kama wanaotazama ndege. Bati likanyamaza.

Nikangoja ashuke. Hakushuka.

Alikaa pale juu, magoti yamekumbatiwa, anatazama. Alikuwa ameishi chini ya paa lile tangu kabla sijazaliwa, wala hajawahi kuliona mgongo. Sijui aliona nini. Labda wanawake wenzake huko pwani Nyamianda wakikimbia kukusanya ndagala mchangani, wadogo kama ndagala zenyewe. Labda upande wa Lubarika. Kutoka chini nilimwona shingo tu, shingo ya msichana fulani nisiyemjua, na ikanipita fikira kwamba kulikuwa na mtu pale kabla hajawa mama wa mtu, na huyo mtu hakuna aliyewahi kumuuliza anataka kupanda wapi. Mwiko wa shangazi ulikuwa bado hewani, mkono umesahau kuushusha.

Matone yakaanza kuwa makubwa. Mama akashuka polepole, mguu kwa mguu, akatema msumari uliobaki.

"Nampigia ndugu yangu simu sasa hivi!" shangazi akazinduka.

"Mupigie. Umuambie ndagala iko mizima."

Shangazi akaenda kutafuta simu. Jirani akajifanya anakagua plagi ya pikipiki yake, ambayo haikuwa na ugonjwa wowote. Mimi sikujua pa kuweka uso, na nisipojua pa kuuweka nafanya mzaha. Nikasema:

"Mama, unaona? Filozofi imeshinda."

Nilijua kofi linakuja. Halikuja. Upepo ukageuka, na bati la chumba cha mbele nalo likaanza kupiga, pap, pap. Mama akalisikiliza. Akafuta nyundo kwenye kitenge, akaniwekea mkononi, akavifunga vidole vyangu juu ya mpini. Kisha akanisogelea sikioni, chini chini, jirani asisikie, akasema:

"Najua unaogopa. Na minye niliogopa. Ile ya mbele utapanda weye, si sababu uko mwanaume. Sababu minye nimechoka."