Jicho Lililosifiwa Matangani

Mwenzangu yuko Kisumu hospitalini, hii ni wiki ya pili, na simu zangu hapokei. Kwa hivyo naandika. Shule niliachia darasa la saba, na daftari langu la siku zile za matanga lina mistari michache tu, maana anayepika matangani hana nafasi ya kalamu. Mahali nisipokumbuka vizuri nitasema sikumbuki.

Mama mkwe wetu alifariki, tukakutana bomani, karibu na Rangwe. Mimi nilitoka Uriri, nilikoacha mahindi yakingoja kupaliliwa. Yeye, aliyeolewa na mdogo wa mume wangu, alitoka Migori mjini, ambako anapamba maharusi. Kwetu wake wa ndugu huitana nyieka, yaani mke mwenzangu, hata kama kila mmoja ana mume wake. Tuliitana hivyo kwa mzaha. Siku nyingine mzaha haukuwepo, na kosa halikuwa lake peke yake.

Alishuka kwenye bodaboda akiwa na macho ya rangi ya asali.

Mimi nilijua ni lenzi, kwa sababu aliwahi kunionyesha: kitu laini, chembamba kama utando wa maziwa yaliyopoa, kina duara ya rangi katikati. Wengine hawakujua. Dada ya baba mkwe wetu, shangazi ambaye sote twamwita waya, alimwangalia kutoka kwenye kiti chake.

"Wewe bibi arusi, haya macho umeazima kwa paka gani?"

"Ni ya duka, waya. Ya urembo tu."

"Haya basi. Tutaona kama ya duka yanajua kulia."

Watu walicheka. Nilicheka na mimi, naandika wazi.

Maneno yale yalimwingia. Marehemu hakuwa amemkubali haraka. Alikuwa akimwita mtu wa kioo, wa kujiremba tu. Lakini pia marehemu ndiye aliyemlelea mtoto wake wa kwanza wakati anajifunza kazi, na mwenzangu alilia machozi ya kweli. Anayesema alikuja kujionyesha hakuwa karibu naye kama nilivyokuwa.

Jioni ya kwanza alinivuta nyuma ya jiko. Alikuwa ameondoka Migori mbio baada ya kupigiwa simu, akasahau dirishani chupa ya dawa ya kuhifadhia lenzi. Alikuwa na kile kikopo chake tu, chenye vifuniko viwili.

"Nyieka, nitaziweka kwa nini sasa?"

Nilichemsha maji, nikayapoza, nikatia chumvi kidogo, vile ninavyoosha vidonda vya watoto wangu. Nikamjazia kikopo. Nilijiona nimefanya jambo la maana. Asubuhi akazivaa.

Jioni ya pili hakuzitoa kabisa. Nyumba ilikuwa imejaa waombolezaji, hakuna pembe ya kujificha. Alininong'oneza, "Wakiniona nachomoa kitu jichoni kwenye nyumba ya msiba, kesho nitajieleza namna gani?" Akalala nazo. Sikumkataza. Sikujua kama ni vibaya, na sikuuliza.

Siku ya mazishi jicho la kushoto lilikuwa jekundu, linatiririka. Na hapo ndipo mambo yakageuka kuwa mazuri, ndivyo tulivyodhani. Mama mmoja wa kanisa alimshika mkono akawaambia wenzake, "Huyu ndiye amelia. Hebu oneni jicho!" Mwingine akasema mama mkwe huko aliko amemwona. Hata wale waliocheka siku ya kwanza walimpisha akae karibu na jeneza. Kila aliyepita alilisifu lile jicho, nalo likazidi kuvimba.

Tulipokuwa tunapakua chakula aliniambia, "Nyieka, linachoma. Kama kuna mchanga ndani."

"Ni moshi," nikasema. "Vumilia. Leo ndiyo siku wanakuhesabu kuwa wa hapa."

Maneno hayo yako kwenye daftari, nimeyasoma tena. Hapo sina shaka.

Kesho yake nilimkuta chumbani amegeukia ukuta, amejifunika leso kichwani. Hakuweza kuangalia upande wa mlango; mwanga ulimchoma. Jicho lilikuwa limejifunga. Nikasema sasa tuzitoe, liwe liwalo. Nilikuwa nimetoka kuparua samaki. Mikono nilisuuza. Kama nilitumia sabuni, sikumbuki.

Ya kulia ilitoka mara moja. Ya kushoto nikamwambia aangalie juu, nikavuta kope la chini, nikabana kwa vidole viwili. Ikateleza. Nikabana tena. Alilishika goti langu kwa nguvu. Mwanga ulikuwa mdogo, na machozi yalijaa, mimi niliona wekundu tu. "Imeganda," nikamwambia, "tulia." Mara ya tatu nilitumia kucha kidogo.

Alipiga ukelele ambao bado nausikia.

Na huko nje, wanawake waliokuwa wanaosha sufuria wakadhani ni kilio cha msiba. Mmoja akaitikia, akafuata mwingine, boma lote likaanza kulia upya, wakitaja jina la marehemu. Mwenzangu amejikunja kwenye mkeka, na nje wanamsaidia kulia.

Aliyeingia ni waya. Hakuwa analia. Mwanamke yule amezika waume wawili na watoto, sauti za matanga anazijua.

"Hiyo si ya msiba," akasema. "Mlete hapa mlangoni."

Akamshika kidevu, akamgeuza polepole kwenye mwanga. Mwenzangu akalia kama mtoto. Waya aliinama akalichungulia jicho.

"Kilio hufanya jicho jekundu," akasema mwishowe. "Hakiweki punje."

Nikaangalia. Kwenye ile sehemu nyeusi ya jicho palikuwa na doa jeupe, dogo, kama punje ya unga wa ugali. Nilipoinama kuokota leso yake niliona kitu kimenata kwenye pindo, kimekauka, kimejikunja kama gamba la samaki. Lenzi ya kushoto. Ilikuwa imeshatoka, labda usiku alipojifuta, sijui. Mara zote tatu nilikuwa nikibana jicho lenyewe.

Taratibu za matanga zilikuwa hazijaisha, na wake wa boma hawaruhusiwi kuondoka kabla. Wengine walinong'ona kwamba marehemu anachukua jicho la mke wa mwanawe ambaye hakumtaka. Nitakuwa mwadilifu: mmoja wa waliosema hivyo ndiye aliyetukimbilia na maji ya kunywa njiani. Waya akawaambia, "Mambo ya mila niachieni mimi. Mtoto aende." Halafu akanikabidhi lile gamba likiwa kwenye karatasi. "Na hiyo kitu ya duka mbebe, daktari aione."

Homa Bay hospitalini, daktari wa macho hakutugombeza. Ingekuwa afadhali angetugombeza. Aliuliza zilikuwa zinawekwa kwenye nini. Mwenzangu alinyamaza, ili asinitaje. Nikajitaja.

"Maji ya chumvi," daktari akarudia, akaandika.

Alisema ni kidonda kwenye kioo cha jicho, ile sehemu angavu ya mbele. Maji ya bomba, ya mvua, ya ziwa, hata uliyochemsha mwenyewe, hata mate, hayagusi lenzi kamwe. Kuna vijidudu humo vinavyokula jicho taratibu. Ni ile dawa yake tu, na kila siku unamwaga ya jana unaweka mpya. Kulala nazo, hapana. Kuazimana, hapana. Kikopo chenyewe hubadilishwa kila baada ya miezi michache. Nikamwomba anionyeshe nilipaswa kuzitoaje. Sijui kwa nini nilitaka kujua wakati huo. Akaosha mikono kwa sabuni, akaikausha vizuri, akaeleza akionyesha jicho lake mwenyewe: kwanza hakikisha lenzi ipo, itafute kwa mwanga wa kutosha, uone ukingo wake wa rangi. Huioni, usibane. Ikiwepo, angalia juu, vuta kope la chini, itelezeshe kwa ncha ya kidole mpaka kwenye weupe, ndipo uibane taratibu kwa nyama ya vidole, kucha mbali. Ikiwa kavu imeganda, tia matone yanayofaa lenzi, pepesa, ngoja, usilazimishe. Na jicho likiwa jekundu, likiuma au likichukia mwanga, unazitoa na unakuja siku hiyo hiyo. Hungoji mazishi.

Hilo la mwisho alilisema kwa upole. Niliandika yote.

Mwenzangu alilazwa, akatiwa dawa ya matone kila saa, usiku na mchana. Baadaye akaruhusiwa, akakaa kwangu Uriri, nami nikawa namtilia, mikono nikiiosha mpaka ikachubuka. Doa halikukua. Lakini pia sikuliona likipungua, na niliogopa kusema, kwa maana macho yangu nayo yalishanidanganya.

Siku ya kurudi kliniki nilikuwa naye. Daktari alimfunika jicho la kulia, akasimama mbele yake.

"Vidole vingapi?"

"Viwili."

"Sasa?"

"Vitatu."

Vilikuwa viwili, kisha vitatu. Daktari akafurahi, akasema aendelee na dawa, arudi baada ya wiki. Nilishukuru Mungu kwa sauti mpaka muuguzi akageuka.

Karibu na geti, mwenzangu alinishika kiwiko, akacheka kidogo.

"Nilikisia, nyieka."

"Ulikisia nini?"

"Vidole. Nimeona kivuli cha mkono tu. Mtu akionyesha vidole huanza na viwili." Akanivuta karibu. "Usimwambie. Atanituma Kisumu, na huko nyumbani watasema mama amelichukua jicho. Sasa hivi wananisifu. Niachie hilo."

Nilimkalisha kwenye benchi, kivulini. Nilimwambia nakwenda chooni, na huo ulikuwa uongo. Nilifika katikati ya uwanja nikasimama. Nilishampa maji ya chumvi. Nilishamwambia avumilie. Nilishambana jicho. Nani aliniambia kwamba la nne nitapatia? Labda lingepona lenyewe. Labda alikuwa na haki ya kuchagua, jicho ni lake.

"Nyieka!" akaniita. Alikuwa ameelewa. "Nyieka, rudi! Tafadhali!"

Niligeuka. Alikuwa amejifunika uso na leso kwa ajili ya jua, akiita upande ambao sikuwa.

Nikabisha mlango wa daktari.

"Mmesahau kitu, mama?"

"Ndiyo," nikasema. "Vile vidole hakuviona."