Nilimpima Moyo Mchumba wa Mdogo Wangu kwa Chipu Mbovu

Kosa ni langu, sitafuti wa kunitetea. Nilivunja uchumba wa mdogo wangu kwa chipu ndogo kuliko punje ya mchele. Chekeni mkitaka!

Mwaka 2010 na kitu nilikuwa Doha, Qatar, nasomea uzamili wa uhandisi. Moyo wa binadamu hutoa umeme kidogo sana, unaopanda na kushuka. Chipu niliyokuwa naibuni kazi yake ilikuwa kuupima umeme huo na kuugeuza kuwa namba, kompyuta izisome. Sharti kuu: isimalize betri. Na mimi kwa kupenda sifa! Nikapunguza hiki, nikapunguza kile, mpaka chipu ikawa kama imefunga Ramadhani mwaka mzima. Profesa akanisifu. Kichwa kikavimba.

Mdogo wangu, tumwite Zuhura, alikuwa mapokezi katika hoteli moja mtaa wa Al Sadd, tukiishi wote Al Wakrah, nje kidogo ya jiji. Akapata mchumba, Bakari, Mtanzania mwenzetu, dereva wa familia moja ya pale. Kijana mpole, mcheshi, anaswali. Mimi sikumtaka. Dereva! Mimi nabuni chipu, halafu shemeji yangu ashike usukani wa watu? Ndivyo nilivyowaza, Mungu anisamehe.

Ijumaa moja akaja kula biriani kwetu. Nikatoa kifaa changu chenye ile chipu kwa madaha.

"Shemeji, vua saa nikupime moyo."

Akacheka. "Pima tu, dada. Utamkuta Zuhura humo ndani."

Nikambandika vibandiko mikononi. Mstari ukatokea kwenye laptopu, na kila pigo likikaribia juu, linakatika na kuruka. Badala ya kujiuliza, nikafurahi! Nikakunja uso kama daktari bingwa, mimi ambaye hata panadoli huwa nauliza inamezwaje.

"Moyo wako unaruka," nikamwambia. "Una tatizo kubwa."

Bakari akaisukuma sahani yake pembeni. Zuhura akanitazama. "Dada, una uhakika?"

"Mashine haina wivu," nikajibu.

Ona ujeuri huo!

Nikampigia mama kule Tanga kabla sahani hazijaoshwa. Mama akalia, akasema mwanawe hataolewa leo awe mjane kesho. Bakari akaomba tusubiri akapime hospitali. Nikasema ya nini, chipu imeshasema. Uchumba ukafa.

Wiki chache baadaye profesa akanitaka niijaribu chipu kwa mashine inayotoa mapigo ya moyo ya bandia, safi kabisa. Mstari ukaruka palepale. Nikajibandika mwenyewe, ukaruka. Nikambandika profesa, ukaruka. Maabara nzima mahututi!

Kumbe kwa ubahili wangu wa umeme nilikuwa nimevipunguza mno vipande vya kutunza chaji ndani ya chipu, vikawa havilingani tena. Umeme wa moyo ukifika kimo fulani, chipu inaruka namba, kama mtoto anayehesabu tatu, nne, saba. Moyo wa Bakari haukuwa na neno.

Nilimwambia Zuhura siku hiyohiyo? Thubutu! Nikakaa kimya, eti natafuta wakati mzuri. Nilipojikaza kusema, Bakari alikuwa ameshapima hospitali, mzima kabisa, na ameshaposa kwingine.

Nilidhani Zuhura atapiga kelele. Hakupiga.

"Ulitaka aumwe," akasema. "Uliona ule mstari ukafurahi. Nilikuona."

Akahamia kwenye vyumba vya wafanyakazi wa hoteli. Alipokuja kuolewa na mwingine, picha za harusi niliziona kwenye simu ya jirani. Chipu niliirekebisha, ikasoma vizuri, nikapata shahada. Siku ya kukabidhiwa nilipigwa picha na mlinzi wa lango, kwa sababu sikuwa na mtu mwingine wa kusimama naye!

Ndugu zangu mnaobuni vipimo vya miili ya watu, kipimo kikikupa jibu ulilokuwa unalitamani, kiogope. Kirudie, na ukome kukipeleka mezani kwa watu kikiwa bado kibichi.

Na nyinyi wenye dada wasomi kama mimi, tukiwaambia mchumba ni mgonjwa, msitukubalie kwa heshima. Mpelekeni hospitali kwanza. Halafu mtuulize, mbele ya mama, tulikuwa tunamchukia tangu lini.