Mstari wa Shemeji

Mama Makasia alianza kazi mtoni kwa kufua majaketi ya kuokolea ya watu wengine. Leo ana mashua zake za mpira, na jina hilo alipewa na waliomwona akinunua kasia mojamoja, akibishana bei mpaka muuzaji anaomba maji ya kunywa. Ng'ambo ipo kampuni ya shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Wote huwashusha watalii kwenye maporomoko, na hakuna anayelala bila kumchungulia mwenzake.

Mto ukijaa, wote wanajua ni hatari. Lakini huyu akishusha mashua, yule naye hushusha. Atakayebaki ukingoni atakimbiwa na wateja. Ndivyo mashua ya shemeji ilivyopinduka. Watu waliopolewa wazima, wakitapika maji. Afisa wa michezo ya nje akaja na neno moja: wapatane kimo cha maji ambacho kikipita hakuna mashua kushuka, la sivyo mto unafungwa.

Walikutana ofisini kwake, kwenye viti vya plastiki, chini ya feni isiyozunguka. Shemeji alitaka mstari uchorwe juu ya nguzo ya daraja, karibu kabisa na barabara. Mama Makasia akamuuliza kama anashusha mashua au malori. Alipoulizwa yeye, akataja kimo kidogo tu chini ya hapo, maana njaa haina adabu kwa mtu yeyote. Afisa akaanza kufunga faili.

Hapo mama akakumbuka la sokoni: anayeuza mchele haachiwi mizani peke yake.

"Shemeji, wewe nichoree mimi, na mimi nikuchoree wewe. Maji yakifunika mstari, aliyechorewa hashuki."

Shemeji alicheka. "Utajuta. Nitakuchorea kwenye vifundo vya miguu."

"Chora. Hata mimi brashi naijua."

Wakateremka na kopo la rangi nyekundu, kila mmoja na nguzo yake. Shemeji alichutama ili amkomoe. Mama akainama zaidi, mgongo ukimlalamikia. Walipoinuka, mistari ilikuwa karibu sawa, chini sana ya ile waliyoigombania. Afisa akauchukua wa chini zaidi, akauandika kuwa kiwango cha mto mzima, akaondoka kabla hawajageuka. Hofu ya maji ilikuwa imeshindwa kuwapatanisha. Wivu ukaimaliza kazi. Binti wa mama, anayeongoza mashua ya mbele, alisema hata yeye angechora hapohapo, tena bila kelele zote zile.

Mvua za kwanza ziliimeza mistari yote miwili. Basi la wateja lilikuwa limeshafika kwa mama. Akatazama ng'ambo: shemeji amesimama kando ya mashua zake, mkono kiunoni, anamtazama yeye.

Mama alimwambia binti yake azigeuze mashua kifudifudi kwenye nyasi. Wateja walinung'unika, akawapa matembezi ya ukingoni na nafasi yao maji yakishuka, nao wakakubali wakiamini wamempunja.

Ng'ambo, mashua moja ikageuzwa. Kisha zote.

"Shemeji, una chai?" sauti ya shemeji ikavuka maji.

"Ninayo. Pita darajani, usije na mashua."