Dua Kabla ya Pepa ya Takwimu

Kutoka Kasese hadi Bwera ni mwendo wa saa moja kwa gari, saa moja na ushei kama dereva anaokota abiria njiani. Nalisema hili mapema ili asije mtu akaniambia umbali ndio ulioninyima kuuona uso wa baba yangu kabla hajazikwa. Si umbali. Ni mtihani.

Baba alikuwa dereva wa lori. Alipakia sabuni, chumvi na saruji, akavuka mpaka pale Mpondwe kwenda Beni au Butembo, upande wa Kongo, na akirudi alirudi na mbao na mawese. Siku ya mimi kuripoti chuoni Kasese alikataa katakata nisipande taksi. Godoro langu likapanda juu ya magunia, mimi nikakaa mbele, yeye amevaa kanzu iliyopigwa pasi kama anakwenda kuswali Idi. Getini askari akatuzuia. "Mzee, hapa hatupokei mzigo."

"Afande, huyu haiko muzigo," baba akasema. "Huyu ni mwalimu ya kesho. Fungua!"

Wanafunzi waliokuwa pale walicheka mpaka wakashika mbavu. Nilitamani ardhi inimeze. Baba hata habari hakuwa nayo, aliingiza lori lake mpaka mlangoni kwa hosteli, akashusha godoro mwenyewe, akalibeba begani huku akiwasalimia wasichana wote mmoja mmoja kama mgombea wa kiti.

Mwaka wa kwanza, jamani, usikie tu kwa watu. Unaingia chumba cha somo la wengine, unakaa, unaandika, unashtukia watu wanafundishwa magonjwa ya ng'ombe. Unaunga foleni ambayo hujui ni ya nini. Wiki za mwanzo nilikula chapati kavu kwa sababu nilikuwa naona haya kupika mbele ya watu. Aliyeniokoa ni msichana niliyewekwa naye chumba kimoja, binti wa wakulima wa kahawa kutoka Kyarumba, Mkristo wa kanisa kila Jumapili, mwenye gunia la maharage chini ya kitanda na mdomo usiotulia. "Wewe Mwislamu, utakufa na haya yako," aliniambia, akawasha sigiri, jiko lake la makaa, nyuma ya hosteli. Yeye aliombea chakula, mimi nikasema bismillahi, tukala. Tangu siku hiyo sigiri ilikuwa yetu sote.

Lakini takwimu ilinishinda. Wengine waliielewa, mimi niliiangalia ikaniangalia. Jaribio la kwanza nilipata alama za kutia aibu, nikalia, nikampigia baba kumwambia narudi nyumbani nikauze kitenge sokoni na shangazi.

Akanisikiliza mpaka nikamaliza. "Lori ikikwama mu matope," akauliza, "dereva anaacha na anarudi nyumbani kwa miguu?"

"Hapana."

"Anafanya nini?"

"Anachimba."

"Basi chimba, mutoto yangu. Utalia ukifika."

Toka hapo tukawa na desturi yetu. Jioni ya kuamkia kila jaribio nilimpigia, naye akanisomea dua kwa simu, popote alipo. Mara nyingine nilisikia injini inanguruma nyuma yake, mara nyingine watu wa forodha wanagombana. Nilikuwa naitikia amina, halafu nalala vizuri. Hata yule rafiki yangu wa Kyarumba alizoea, akawa anaitikia na yeye kutoka kitandani kwake.

Mitihani ya mwisho wa muhula ikafika, na wakubwa wetu kwa upole wao wakaiweka takwimu iwe pepa ya kwanza. Jioni ile nikampigia baba, simu haipatikani. Sikushtuka. Mtu wa Bwera hashtuki kwa hilo, maana ukishavuka Mpondwe ukaenda mbele kidogo laini zetu hazishiki, na baba alikuwa akipotea hivyo tangu nikiwa mdogo. Nikampigia mama.

"Baba yako ameenda Butembo," mama akasema. "Si unajua simu ya kule."

Sauti yake ilikuwa imekauka. Nikamwuliza ana nini, akasema mafua. Nyuma yake nilisikia sauti nyingi za wanawake, nikauliza kuna wageni? "Beko bamama ya jirani," akajibu. Halafu akasema, "Leo dua nitakusomea mimi."

Mama hakuwahi kunisomea dua kwa simu. Alianza Fatiha, akafika katikati, akakwama. Fatiha! Sura ambayo mtoto wa miaka mitano anaisoma usingizini. Nikacheka, wallahi nilicheka, nikamwambia mama umezeeka. Akarudia kutoka mwanzo, akamaliza, akaniombea nifaulu, akakata simu kabla sijasema asante.

Asubuhi yake nilikuwa nimesimama kando ya barabara ya Bwera na rafiki yangu, tunangoja kuvuka kwenda chumba cha mtihani. Likapita lori limejaa wanaume wenye kanzu, wamefunga majani mbele kama wafanyavyo madereva wakienda kuzika. Mmoja nilimfahamu, mwenzake baba wa siku nyingi. Nikampungia mkono. Aliniona, nina hakika aliniona, akageuza uso. Rafiki yangu akanishika mkono akanivuta, "Twende, tutachelewa," na muda wenyewe ulikuwa bado. Nikasema inna lillahi kwa ajili ya maiti ya watu, kama ilivyo ada, nikaingia kufanya mtihani.

Baba alikuwa ameanguka siku iliyotangulia kwenye foleni ya malori mpakani. Presha. Walimfikisha hospitali akiwa bado anaongea, na kabla ya laasiri akawa amekata roho. Mama alipokuwa akinisomea Fatiha, baba alikuwa amelazwa chumba cha pili, amefunikwa shuka.

Mimi nayajua haya sasa. Wakati ule nilijua barabara ya Butembo imeharibika kwa mvua, ndivyo mama alivyonieleza kila nilipopiga, na nikamwonea baba huruma kwa kulala porini. Rafiki yangu alikuwa amebadilika. Alinipikia mayai asubuhi, akanifulia nguo bila kuombwa, akawa ananyamaza. Mimi nikadhani ni hofu ya mitihani. Kumbe mama alikuwa amempigia, akamwapisha. Hayo ndiyo mambo ya kwetu, usidhani ni mama yangu peke yake. Mtoto akiwa na mtihani msiba unafichwa, kijiji kizima kinafunga mdomo, na wanaona wamemfanyia wema.

Siku ya pepa ya mwisho nilinunua ngege mkubwa kwa mama mmoja anayeleta samaki kutoka Kasenyi, nikamfunga kwa majani ya mgomba, nikapanda gari. Baba alipenda kichwa cha samaki. Nilishuka steji Bwera nikiwa nacheka peke yangu, na kijana wa boda anayenifahamu akaja mbio kunipokea mzigo.

"Dada, pole sana kwa muzee. Mungu amulaze pazuri."

Nikamwambia umenifananisha. Akaniangalia, akawaangalia wenzake, na wote pale steji wakainamisha vichwa. Mji mzima ulijua. Wauza nyanya walijua. Mimi mwenye baba ndiye niliyekuwa mgeni.

Nilimkuta mama amekaa kwenye mkeka, yuko eda. Sikumsalimia. Nilimtupa yule samaki uani, nikapiga kelele mpaka majirani wakatoka. Nikamwambia, sisi wanawake hatuendi makaburini siku ya maziko, najua, lakini uso wake si ningeuona? Kabla hawajamfunga sanda si ningeuona? Saa moja tu, mama! Alikuwa ananitazama, machozi yanamtoka.

Shangazi, dada yake baba, alinichukua kando. Akanieleza kwamba baba zangu wadogo walitaka kutuma gari usiku ule ule nichukuliwe, na ni mama aliyekataa. Aliwaambia, "Muzee alibeba godoro ya huyu mutoto kwa bega lake. Nikimuita leo, ataacha mutihani, na kama amerudi nyuma, muzee atakuwa amekufa bure." Watu wakamkubalia. Baadhi yao, shangazi akasema, bado wanamlaumu mpaka leo, wanasema ana roho ngumu, na yeye mwenyewe usingizi hana.

Mimi nilikuwa upande wa wanaomlaumu. Nilikaa kwetu likizo nzima nikimjibu kwa neno moja moja. Nilimpikia, nilimtekea maji, lakini kuongea naye nilishindwa. Wanasema mficha maradhi kilio humuumbua. Mimi nilitaka kimuumbue, niwe mkweli, nilitaka aumie kama nilivyoumia. Nilikwenda kaburini na shangazi, nikaona udongo ambao mvua ilikuwa imeshausawazisha, nikarudi na hasira zangu zile zile.

Matokeo yalitoka nikiwa bado nyumbani. Nikayafungua kwenye simu nikiwa jikoni, ugali wa muhogo uko motoni. Pepa zote nilikuwa nimepita isipokuwa moja. Takwimu nilifeli, na si kwa alama kidogo, nilifeli vibaya, ya kurudia mwaka unaofuata. Nilisimama pale mpaka ugali ukaungua. Nikaona silaha yangu hii hapa. Nikawaza nitoke nimwambie, mama, ule mtihani ulioninyima baba yangu, basi hata wenyewe sikuupata.

Nikatoka. Alikuwa uani anachambua maharage, amekonda, mabega yameingia ndani. Aliiona simu mkononi mwangu, akaacha kuchambua.

"Matokeo?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Na ile pepa." Hakuitaja jina. "Ile ya siku ile. Ulipita?"

Nikamwangalia.

"Nilipita, mama."

Akafumba macho, akasema alhamdulillahi, akalia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Basi nilifanya vizuri," akasema. "Sema mutoto yangu, nilifanya vizuri?"

Nikakaa naye kwenye mkeka, nikamwambia, "Ulifanya vizuri."