Wiki Mbili Kabla ya Chimwaga

Barua ya kukubaliwa kusoma shahada ya uzamili ya saikolojia ilinikuta Kibakwe, nikisahihisha mitihani ya kidato cha pili. Nilikuwa nimefundisha baiolojia katika shule ile miaka tisa. Mitano ya mwisho mkuu wa shule alinikabidhi pia ushauri nasaha, kwa sababu, alisema, wasichana walikuwa wanakuja kwangu kulia hata bila kuambiwa. Mafunzo niliyokuwa nayo ni somo moja la chuoni, tena la muhula mmoja. Nikapewa chumba kilichokuwa stoo ya majembe, viti viwili na daftari, na nikawa nawasikiliza watoto wa watu kama nilivyoweza.

Kwenye maombi ya chuo palikuwa na sehemu ya kueleza sababu ya kuchagua fani hii. Niliandika kwamba tangu utotoni nimependa kusaidia watu. Haikuwa kweli. Sababu ilikuwa kaka yangu, na sikutaka kumwandika kwenye fomu.

Kaka alinizidi miaka miwili. Alikuwa mkali wa hisabati. Akiwa kidato cha nne alianza kusikia watu wakimsema kutoka juu ya dari, na kabla ya mtihani wa mwisho wakamrudisha nyumbani Chamwino. Mimi nilikuwa shule ya bweni. Kila likizo nilimkuta amesogea mbali zaidi. Kuna siku niliingia uani na begi langu, akasimama, akainamisha kichwa, akaniamkia, "Shikamoo." Mkubwa wangu ananiamkia mimi. Nilishindwa kuitikia. Nilipita nikaingia ndani, na tangu hapo nikawa na sababu za kutokwenda nyumbani: mitihani, semina, mvua, barabara ya Mpwapwa.

Alifariki Januari miaka miwili iliyopita. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha milimani, korongo la nyuma ya mashamba likashuka na maji ghafla, na yeye alikuwa akitembea humo kama alivyozoea wakati wa kiangazi. Tulimzika siku ya tatu. Baada ya mazishi, mbele ya baba wadogo na wazee wa kanisa, nilimwambia baba yangu maneno ambayo hakuna aliyetarajia kuyasikia kwangu.

"Mlimwombea, mkampeleka kwa waganga, mkamficha chumba cha nyuma. Mngempeleka hospitali, angekuwa hai."

Baba aliangalia mikono yake. Mama alikuwa ameshatangulia zamani, hivyo hakukuwa na wa kunikanya, na mimi niliondoka kesho yake asubuhi.

Basi mwaka huu, ruhusa ya masomo ilipotoka halmashauri, zilikuwa zimebaki wiki mbili niripoti chuoni Chimwaga. Chuo kilitaka cheti halisi cha kuzaliwa. Changu kilikuwa Chamwino, ndani ya sanduku la bati la baba. Nisingeweza kumtuma mtu.

Nilifika saa nne asubuhi. Baba alikuwa barazani akipura mtama kidogo wa mbegu. Alikuwa amekonda.

"Mbukwa, baba."

"Mbukwa, mwanangu. Umekuja."

Tuliongea Kigogo, kama siku zote nyumbani. Nilimweleza kwamba nakwenda kusoma tena, na kwamba nimefuata cheti. Hakuuliza nakwenda kusoma nini. Alinipa ufunguo akaendelea na mtama wake.

Cheti kilikuwa chini kabisa. Juu yake palikuwa na fungu la madaftari madogo, yale ya kliniki, yamefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Nilidhani ni ya mama. Nilipofungua la kwanza niliona jina la kaka. Kila ukurasa ulikuwa na tarehe, jina la dawa na muhuri wa kliniki ya wagonjwa wa akili ya mjini. Nikafungua la pili, la tatu. Mwezi kwa mwezi, bila kuruka, miaka kumi na moja. Katika daftari la mwisho mihuri ilifika Desemba. Ukurasa wa Januari ulikuwa mtupu.

Nilitoka nayo barazani nikakaa chini, kwenye mkeka wake.

"Baba, hivi ulikuwa unampeleka?"

Aliyatazama madaftari, kisha akaanza kuchambua mtama kwa vidole.

"Kila mwezi. Tunatoka mapema kabla watu hawajaamka. Wakiuliza, nasema tumekwenda sokoni."

"Kwa nini hukuniambia? Siku ile nilikutukana mbele za watu."

"Ulikuwa unalia. Ningekujibu nini?"

Nilitaka kuomba radhi, lakini yeye ndiye aliyeendelea kuongea. Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi namna ile. Mwezi ule wa Januari mgongo ulikuwa umemlaza. Hakuweza kuketi kwenye basi, na kaka hakukubali kuongozana na mtu mwingine. Dawa ziliisha. Baada ya wiki moja kaka akaacha kulala, akaanza tena kujibizana na dari.

"Nilikupigia simu," baba alisema.

Nilikumbuka. Shule zilikuwa ndiyo kwanza zimefunguliwa. Aliniambia, "Njoo mara moja, mwanangu," bila kueleza. Nikamwambia kazi zimenibana, nitakuja Pasaka. Akasema haya, akaniuliza kama Kibakwe mvua inanyesha, tukaagana.

"Ndiyo, baba. Ulinipigia."

"Sisemi kwa ubaya."

"Najua."

Tulikaa pale mpaka jua likahama kutoka kwenye mkeka. Kuku walikuja wakala mtama na hakuna aliyewafukuza. Hatimaye nikasema, "Nisamehe, baba," na yeye akaitikia kwa kichwa. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua, "Hayo unayokwenda kuyasoma ni nini?"

"Saikolojia. Mambo ya akili na moyo wa mtu. Jinsi mtu anavyoumia na jinsi anavyosaidiwa."

"Na mtu asiyelala? Wanamsemaje?"

"Ni nani asiyelala?"

"Mimi. Tangu korongo lile."

Miaka miwili. Kule Kibakwe nimewahi kukaa na msichana saa nzima bila yeye kusema neno, na sikuhangaika. Mbele ya baba yangu nilihangaika. Nilijua maneno mawili matatu ya kumwambia, na nilijua pia kwamba mimi si mtu wa kuyasema, kwa sababu sehemu ya kinachomkosesha usingizi ni mimi. Nikamwambia kuna watu wanaoweza kumsikiliza vizuri kuliko mwanawe, na kwamba wako kule kule alikokuwa akimpeleka kaka.

Alikataa siku ile. Alikataa kesho yake. Siku ya tatu nilimkuta amevaa koti lake la kanisani.

Kliniki ilikuwa imejaa. Nesi wa mapokezi, mama wa makamo mwenye miwani, alimwona baba kutoka mbali akasimama kwa furaha.

"Shikamoo, baba yangu! Tumewakosa siku nyingi. Kijana wetu yuko wapi leo?"

Nilitaka kujibu kwa niaba yake. Baba alinitangulia.

"Marahaba. Kijana alifariki. Leo nimekuja mwenyewe."

Yule mama alivua miwani. Alizunguka meza, akamshika baba mikono yote miwili na kumpa pole. Kisha akamwongoza yeye mwenyewe hadi chumba cha mshauri, na mlango ukafungwa. Nilikaa kwenye benchi na bahasha yangu ya vyeti. Sauti ya baba niliisikia ikipanda na kushuka kule ndani, maneno sikuyapata, na sikujaribu kuyapata.

Jumatatu ya kuripoti nilikwenda Chimwaga nikajisajili. Wenzangu wengi ni wadogo kwangu, wawili ni wauguzi. Baba huenda kliniki kila baada ya wiki mbili, na hataki nimsindikize. Usingizi, anasema, unakuja siku moja na kukosekana siku mbili.

Jumapili iliyopita nilikwenda Chamwino na maandishi yangu ya darasani, yote kwa Kiingereza. Aliniomba nimsomee. Nilikuwa natafsiri polepole kwa Kigogo, na nilipofika mahali panapoeleza jinsi huzuni ya kufiwa inavyoweza kukaa mwilini muda mrefu, nilikwama. Sikuwa na neno. Nikajaribu moja, akatikisa kichwa. Nikajaribu jingine. Akasema hilo ni la njaa. Tukaendelea kutafuta, yeye akisema lake na mimi langu, huku chai ikipoa.