Biberoni Yenye Midomo Miwili

Jambo hili huwa silisemi, na hata leo nikiona mtoto ananyonya chupa nageuza uso.

Nilirudi Lubumbashi kutoka Kilwa, ile yetu ya ziwani, ambako biashara ya samaki ilinishikilia hadi mke wangu, Numbi, akajifungua bila mimi. Mtoto aliponiona alilia kama kaona muuguzi wa sindano. Nilitaka kitu kimoja tu: anyonye mkononi mwangu, anizoee.

Numbi alileta biberoni, chupa ya kunyonyeshea, mpya ya plastiki. Mimi nikasema hapana, nitatumia ya marehemu mama yangu (ya kioo, imepinda kama ndizi, mbele mdomo wa chuchu, nyuma mdomo wa kipira cha kupitisha hewa, ila kipira kilishapotea, nikaijaza maziwa, nyuma nikaziba kwa dole gumba). Uani kwa wakwe majirani wamejaa, mama mkwe yuko mkekani, amegeuza uso kando kama adabu yetu inavyotaka, nami, kwa kuwa hatimaye watu walikuwa wananitazama, nikaanza somo: kwamba zamani chupa zilikuwa na mrija mrefu wa mpira usiooshika, watoto wakaugua, ndipo wakabuni hii, maji ya kuoshea yanaingia huku yanatokea kule...

"Mutoto iko analia njaa, ye iko anafundisha!" jirani mmoja akacheka.

Nikageuka kumjibu, nikainua dole kuonyesha hewa inapopita, na maziwa yote yakarukia kikwembe alichojifunga mama mkwe, pajani, juu ya picha ya Rais iliyochapwa pale.

"Sitwayeni!" akafoka mkubwa wa chama tawala pale mtaani, ambaye kwake kila mtu ni sitwayeni, yaani mwananchi, na aliyekuwa amekuja kutupongeza. "Uso ya Rais!"

Kwa hofu nikainama, nikapangusa. Kwa mkono wangu. Paja la mama mkwe, ambaye kwetu hata kivuli chake hukikanyagi.

"Yoo! Anamugusa bukwe, mukwe wake!" majirani wakapiga yowe.

Mama mkwe akajifunika uso, akakimbilia ndani. Numbi akaninyang'anya mtoto, akampa ile ya plastiki, naye akanyamaza papo hapo.

"Wende kwanza kwenu," aliniambia bila kuniangalia. "Mama akitulia, utaleta kuku ya kuomba musamaha."

Kwetu hapakuwa na mtu tena. Nikaosha chupa bombani, nikashika barabara ya Kasumbalesa, mpakani, kutafuta kazi.

Kuku nilimleta baada ya mwaka; akapokelewa mlangoni, mimi nikabaki nje. Mtoto alikuwa ameanza kutembea. Aliponiona akajificha nyuma ya mama yake, nami nikarudi njiani.

Nimeapa: mwenye njaa anywe kwanza, hadithi baadaye. Chupa ninayo bado begini, kila ninakokwenda. Mwanangu hajainyonya.